Mama kabadilishiwa dawa ya presha, atenololi kuwa losartani, hataki. Moyo ulionenepa unarudi hali yake?

Binti_Newala: Shikamooni wakubwa. Mama ana miaka 61, presha anayo siku nyingi. Tulipopata hela ya korosho nikamshusha Mtwara mjini akapigwe eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Ukuta wa moyo kushoto umenenepa, milimita 14. Daktari kamwondoa kwenye atenololi, kampa losartani 50. Mama kagoma: "Ile ilinishusha vizuri, hii ya nini?" Na kweli, alikuwa 138 kwa 84. Nimjibu nini?

Nesi Mstaafu: Marahaba mwanangu. Mama wa Newala anajua mapaja ya mtu anayepandisha ndoo za maji kutoka bondeni yanavyokuwa. Moyo nao ukisukuma damu kwa nguvu miaka, unanenepa. Ila unene huu hauna faida: ukuta unakakamaa, damu haiingii vizuri.

Sasa, kuna homoni inaitwa anjiotensini. Inabana mishipa, na hapohapo inachochea msuli wa moyo unenepe na kuweka makovu. Losartani inaizuia, atenololi inafanya kazi kwa njia nyingine. Mwaka 2002 ulitoka utafiti mkubwa uitwao LIFE, wagonjwa zaidi ya 9,000 wenye presha na moyo ulionenepa. Dawa hizi mbili zilishusha presha karibu sawasawa, lakini kwa losartani unene ulipungua zaidi na kiharusi kikapungua kwa robo. Kwa hiyo ndiyo, unarudi, japo si wote na si kwa mwezi mmoja.

Atenololi asiiache ghafla kwa uamuzi wake, afuate alivyopangiwa. Figo na potasiamu zipimwe.

Mvuvi wa Lindi: Mimi niliambiwa nipime BNP, nikadhani ni mambo ya benki. Ile ni nini hasa?

Nesi Mstaafu: Hahaa! Ni homoni ya moyo wenyewe, kaka. Ukivutika kwa mzigo unaimwaga kwenye damu, figo zitoe chumvi na maji. Mzigo ukipungua nayo hushuka. Kwa atenololi inaweza kupanda kidogo, maana moyo unapiga polepole na kujaa zaidi. Usiogope namba peke yake.

Binti_Newala: Nimemsomea yote. Kameza. Ila anauliza, ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) akiloweka usiku kucha ruksa?

Nesi Mstaafu: Aloweke, amwage maji, na chumvi asiongeze tena. Si kila siku lakini! Na ming'oko, vile viazi vya porini, ale bila kuchovya chumvi.