Fundi kanibadilishia gia boksi nzima, kumbe rivasi ilizuiwa na nati moja ya kebo

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Laki tisa na nusu imenitoka, na gia boksi iliyokuja na gari kutoka Japani nayo sina, kwa sababu fundi hakutaka kuinama dakika kumi.

Gari ni Toyota IST ya 2004, oto. Mwezi uliopita nililipeleka gereji kubadilisha mauntingi ya gia boksi, zile raba zinazoishikilia, maana lilikuwa linapiga kishindo ukiweka D. Likatoka vizuri. Siku ya tatu nimeingia kichochoroni nyumbani, Goba, naweka R nigeuze. Injini inanguruma, gari limetulia tuli. Mbele linakwenda bila shida. Majirani wakanisukuma. Kesho yake asubuhi likagoma kuwaka kwenye P, starta haigusi kabisa. Nikaweka N, likawaka.

Nikarudi gereji ileile nikamweleza yote, tena nikamwonyesha: mkono wa gia uko R, lakini herufi R kwenye dashibodi haiwaki, na taa nyeupe za nyuma haziwaki. "Bosi, hiyo swichi tutaiangalia baadaye. Gia boksi imekufa rivasi, hizi zinakufaga." Hakuchomeka mashine ya kupimia, hakuchomoa stiki ya oili, hakuingia chini.

Wakati anamwaga oili nilikuwepo. Nilichovya kidole kwenye beseni. Nyekundu safi, hainuki kuungua, hakuna unga mweusi, hakuna vichembe vya chuma. Klachi zikiungua ndani, oili inakuwa nyeusi na inanuka, hilo hata mimi nisiye fundi nalijua. Nikamuuliza, akasema ndivyo zinavyokuwa. Halafu kwenye gia boksi ya mtumba akamimina oili ya kwenye dumu lisilo na jina, wakati stiki yenyewe imeandikwa aina ya oili inayotakiwa, T-IV!

Akafunga. Nikaweka R. Kimya. P bado haiwaki. Akaniambia na hii ya mtumba ni mbovu, niongeze hela tutafute nyingine.

Jamani! Gia boksi mbili kutoka magari mawili, zife rivasi ileile, na zote zigomee P? Mtu anayefikiri angesimama palepale ajiulize ni kitu gani hakijabadilishwa. Kebo ya gia, inayotoka kwenye mkono wa gia hadi kimkono cha kwenye gia boksi, ilikuwa ileile.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja jirani, fundi wa zamani, siku hizi hafanyi kazi tena. Nilimwamkia, nikamsimulia, akauliza swali moja tu: "R kwenye dashibodi inawaka?" Nikasema haiwaki. Akasema, "Mwanangu, basi gia boksi haijaambiwa kama unataka rivasi." Swichi inayowasha zile herufi imekaa kwenye gia boksi yenyewe, na ndiyo inayoruhusu starta kwenye P na N. Kimkono cha chini kilikuwa kinasimama katikati ya R na N, na ukiweka P kinaishia katikati ya P na R. Akakisukuma kwa mkono, ufunguo ukiwa on, injini imezimwa. R ikawaka.

Nati inayobana kebo kwenye kimkono haikukazwa siku ya mauntingi, ikateleza. Kwenye gia boksi ya pili fundi akaibana palepale ilipoteleza, alama ya nati inaonekana kwenye chuma cha kebo. Mzee akailegeza kwa spana, akapeleka kimkono mpaka P, akakirudisha hatua mbili kifike N, akaniambia na mimi ndani niweke N, akakaza. Robo saa. Gari likarudi nyuma.

Kwa hiyo mwenye tatizo kama hili aanze na dashibodi na taa za nyuma. Zikiwaka na gari halirudi, pima oili ikiwa ya moto, injini inawaka, gari liko P, baada ya kupitisha gia zote. Rivasi inahitaji presha kubwa kuliko gia nyingine, oili ikipungua huwa inasumbua mapema. Mzee aliniongezea kipimo kingine: shuka mlima mdogo ukiwa L, gia ya chini kabisa, uachie mafuta. Injini isiposhika gari, shuku breki ya ndani ya gia boksi inayotumika na L na rivasi. Ikishika, tazama klachi ya rivasi. Baada ya hapo ni geji ya presha, ndipo mtu ashushe gia boksi.

Nimekwenda kudai gia boksi yangu. Fundi anasema aliipeleka duka la spea ikakatwa kwenye bei ya ile ya mtumba. Nani alimruhusu? Mimi bei nililipa kamili, risiti ninayo, na hakuna mahali palipoandikwa kubadilishana. Gia boksi nzima, haina kosa, sasa hivi inauzwa kwa mtu mwingine.

Kuna aliyewahi kudai kitu cha namna hii akakipata? Alianzia polisi au serikali ya mtaa? Naomba mnielekeze, Jumatatu naondoka na risiti yangu na mzee kama shahidi.