SACCOS inaacha leja za karatasi: makarani wafanyeje?

MtunzaLeja: Wakuu, SACCOS yetu (chama cha akiba na mikopo) ya wanachama 1,800 inahamia kwenye mfumo wa kompyuta. Makarani 5 wanahofia kazi zao. Tuanzie wapi?

HesabuSafi: Anzeni na kazi, si vyeo. Kwa wiki 2 kila karani aandike anachofanya na dakika anazotumia. Kunakili miamala kutakwisha. Kusuluhisha salio (kulinganisha hesabu na kutafuta zisipolingana), kufuatilia mikopo iliyochelewa na kumsikiliza mwanachama kutabaki. Wahamishieni huko.

Kisha leja na mfumo viende sambamba kwa miezi 3, jumla zilingane kila jioni kabla ya kufunga. Panapoharibika zaidi ni kwenye taarifa za zamani: mtu mmoja ana namba mbili za uanachama, akiba huku, mkopo kule. Safisheni kwa namba ya kitambulisho cha taifa, yaani NIDA (tarakimu 20), KABLA ya kuhamisha. Na kila mtu awe na nywila yake. Mkitumia moja wote, hamtajua nani alibadilisha salio.

Kazi_na_Sheria: Msitangaze kupunguza watu kwanza, tafadhali. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, 2004, kinataka notisi, taarifa na mashauriano kabla ya uamuzi.

MtunzaLeja: Na mama wa miaka 57 asiyewahi kushika kompyuta?

HesabuSafi: Mpeni kazi ya kusuluhisha salio. Anayeijua leja huona kosa haraka kuliko kijana wa kompyuta. Mafunzo yawe saa 1 kila siku kwa akaunti za majaribio. Semina ya siku moja husahaulika.