Naomba ushauri: nisomeshe vipi UDP-glukosi?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nasomesha bayolojia kidato cha sita hapa Wete. Nimekwama kwenye UDP-glukosi, yaani glukosi iliyobebwa na molekuli iitwayo UDP, kazi iliyompa Luis Leloir wa Argentina Tuzo ya Nobeli ya Kemia 1970. Wanafunzi wananiuliza kwa nini seli isiunge glukosi moja kwa moja iwe glaikojeni (mnyororo wa glukosi unaowekwa akiba mwilini).

Jana nilikata kipande cha muhogo mbele yao, nikadondoshea iodini, kikageuka bluu nyeusi. Walifurahi sana, ila wanga wa muhogo hutokana na ADP-glukosi, ambayo mbebaji wake ni ADP na si UDP, nachelea nimewachanganya.

Nafikiria mfano wa dau: UDP imebeba glukosi, inaishusha kwenye mnyororo, kisha inarudi kupewa fosfeti na ATP, molekuli ya nishati ya seli. Unatosha, au kuna mwengine? Nisaidieni, mtihani umekaribia.