Fremu ya friraidi imepasuka, kampuni inasema kosa langu ni kuruka!

Wadau wa baiskeli, nimeshindwa kunyamaza. Fremu yangu ya aluminiamu, ya baiskeli ya friraidi (ile ya kuteremka na kuruka milimani), imeingia ufa, na kampuni iliyoitengeneza, jina kubwa ambalo likipita barabarani hapa Malindi vijana wote hugeuza shingo, imekataa kunibadilishia. Jibu lao ni maneno mawili: matumizi mabaya. Eti nilikuwa naruka.

Sasa friraidi ni nini kama si kuruka? Picha wanazouzia ni za watu wanaojirusha majabalini kama kule Utah, Marekani, kwenye Red Bull Rampage, mashindano yaliyoanza 2001. Fremu yenyewe ina kibandiko cha ASTM F2043 (kiwango cha kupanga baiskeli kwa matumizi yake), daraja la 5, ambalo ndilo la kuteremka milima kwa kasi na kuruka. Wamekibandika wao, si mimi! Halafu ukisoma karatasi ya dhamana, kwa maandishi ya kutafutia miwani, kuruka hakumo katika yanayolindwa.

Ingekuwa mtumba wa kontena ningemeza tu, maana dhamana nyingi za makampuni haya humfuata mnunuzi wa kwanza peke yake. Lakini hii nimeinunua mpya, risiti ninayo, nambari ya fremu inasomeka.

Ufa wenyewe uko chini ya bomba la kiti, pembeni kabisa ya mshono, pale shokamzoba inapofungwa. Nilikuwa naosha vumbi jekundu la Marafa. Fremu nzima ikarudi nyeusi, ukabaki mstari mwekundu mwembamba kama unywele, haufutiki kwa kitambaa. Nikapitisha ukucha, ukanasa.

Wakala wao wa Mombasa akajaribu kusingizia hewa ya bahari. Jamani, sisi watu wa pwani tunaijua chumvi! Ikila aluminiamu huacha unga mweupe, hasa bolti za chuma zinapogusana nayo. Kwangu hakuna unga hata chembe.

Na mnaoniambia nimtafute fundi mwenye gesi ya argoni auchomelee ufa, nisikilizeni. Aluminiamu ya 6061, aina inayotumika sana kwenye fremu, ikichomelewa hulegea pembeni ya mshono. Ili nguvu irudi, fremu nzima inaingizwa kwenye tanuri la nyuzi 530 hivi za Selsiasi, inapozwa ghafla, kisha inapashwa tena kwa moto mdogo kwa saa nyingi. Nani anayo tanuri hiyo hapa? Tena chuma kikipigwa vishindo vidogo huvumilia miaka na miaka, ila aluminiamu kila kishindo huipunguzia umri. Kwa hiyo usalama wa pale kwenye mshono ni unene wa bomba, na unene wanaupangia wao kiwandani. Mimi ndiye ninayeteremka nikiwa juu yake. Ingekatika hewani ningekuwa naandika haya kutoka wodini.

Wameniambia eti ninunue nyingine kwa punguzo, usafiri na ushuru juu yangu. Fremu ileile, mshono uleule! Sitaki.

Mwenye baiskeli ya friraidi ya aluminiamu, ya kampuni yoyote, aigeuze leo, afute pale chini ya bomba la kiti na apitishe ukucha. Ukinasa, piga picha, onyesha mwaka wa fremu, weka hapa. Nakwenda Mombasa kuonana na wakala ana kwa ana, na picha zenu nitazichapisha nimwekee mezani.