Mikono ya Masanja

Shangazi Kulwa: Jamani, Masanja kapita hapa jana. Nimempa chai, nusu kikombe kaimwagia shati. Mikono inamtetemeka kama babu yake, na ana miaka 34!

Baraka: Pombe hiyo shangazi 😂

Mama Zawadi: Shemeji, mume wangu hanywi. Fizi zinamtoka damu, usiku halali, kitu kidogo anafoka. Dispensari wamempa dawa ya malaria mara mbili.

Esta: Shikamoo shangazi. Wifi, bado anachoma dhahabu?

Shangazi Kulwa: Marahaba nesi wetu.

Mama Zawadi: Anachenjua mwaloni kule wanakosafishia dhahabu, kuchoma anachomea nyumbani. Jikoni, kwenye mkaa. Kule wezi wengi.

Esta: Mungu wangu! Basi hiyo ni zebaki. Lile donge la dhahabu na zebaki mkiliweka motoni, dhahabu inabaki na zebaki inapanda kuwa mvuke. Hauna rangi, hauna harufu, na kama asilimia 80 ya unaovutwa inabaki mwilini. Ubongo na figo ndiko unakoharibu. Halafu unatua ukutani, kwenye masufuria, kwenye godoro. Wewe na Zawadi mnauvuta na hamjawahi kushika karai.

Masanja: Niko hapa nasoma. Nikichoma nakunywa maziwa, na kitambaa nafunga puani. Mwaloni wote tunafanya hivyo.

Esta: Kaka, maziwa yanakwenda tumboni, mvuke uko mapafuni. Vitakutana wapi? Na kitambaa kinazuia vumbi tu.

Baba Mdogo: Si ilipigwa marufuku hiyo?

Esta: Ba'mdogo, Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki Tanzania iliuridhia 2020, na kuchomea kwenye makazi ya watu ni moja ya vitu unavyotaka vikomeshwe. Lakini zebaki madukani ipo.

Masanja: Sasa tule nini? Retoti ya kunasa mvuke anayo mwenye karasha la kusaga mawe, na anataka hela.

Baraka: Hiyo tutachanga bro. Natuma 20,000 leo.

Esta: Kwanza usichome kabisa mpaka upimwe mkojo. Nenda hospitali ya rufaa, na kabla hujataja mikono sema kazi yako, daktari hawezi kuotea. Zawadi naye apimwe. Karai la kuchomea lisipikiwe. Wifi, samahani kuuliza humu, huna mimba? Maana mvuke huo unamfikia mtoto tumboni.

Mama Zawadi: Nakuja inboksi wifi.

Shangazi Kulwa: Inboksi ya nini, tumbo nimeliona tangu Pasaka! Kesho asubuhi mpande gari wote mje Mwanza. Nauli nalipa mimi.