MJADALA: Daktari amwambie mke majibu ya mumewe, hata mume akikataa?

Kipepeo: Wadau, rafiki yangu amejua juzi tu kwamba mumewe alipimwa akakutwa na ugonjwa wa kuambukiza miezi saba iliyopita. Daktari ni mmoja, anawatibu wote wawili. Siri hii inamlinda nani? Na manesi wote walijua, maana umbea ndiyo kazi yao ya pili.

Zamu ya Usiku: Dada Kipepeo, sentensi ya mwisho ifute. Miaka 19 niko wodini. Nimekutana na mgonjwa wangu harusini nikampita kama simjui, mpaka aliponisalimia mwenyewe. Huo ndio umbea?

Bin Hamadi: Kuna kesi ya Tarasoff kule California, 1969. Mgonjwa alimwambia mtaalamu wa saikolojia kuwa atamuua msichana fulani. Mtaalamu akanyamaza, msichana akauawa. Mahakama ikasema siri ina mwisho wake.

Wakili wa Jioni: Mauaji ndiyo ya 1969, hukumu ni ya 1976. Wala mtaalamu hakunyamaza, aliwaarifu polisi wa chuo kikuu alikofanya kazi. Ambaye hakuonywa ni msichana mwenyewe.

Kipepeo: Si ndiyo hayohayo ya rafiki yangu! Na dada nesi, mimi nimekaa kwenye benchi nikasikia mtu anaita dirishani: "Wa dawa za kifua kikuu, njoo huku!" Akainuka binti mmoja, benchi zima likamgeukia. Alijivuta mtandio mpaka machoni.

Zamu ya Usiku: Aliyeita ni karani. Kila uchafu wa hospitali mnatupaka sisi.

Mzee Kobe: Marekani wana HIPAA, sheria ya kulinda taarifa za wagonjwa, tangu 1996. Hata jirani akitaja ugonjwa wako, amekwisha.

Wakili wa Jioni: Hapana, mzee wangu. HIPAA inawabana watoa huduma, kampuni za bima na wanaowafanyia kazi. Jirani haimgusi. Tena inampa mgonjwa haki ya kupata nakala ya taarifa zake, kwa kawaida ndani ya siku 30.

Mzee Kobe: Siku 30! Mimi nilizungushwa wiki sita kutafuta majibu ya picha ya kifua changu mwenyewe. Eti faili ni mali ya hospitali. Kifua je, cha nani?

Bin Hamadi: Pole sana mzee. Hilo la faili lingepewa mjadala wake.

Mzee Kobe: Mjadala wake ndio huu. Siri wananifichia mimi, halafu faili liko wazi mezani kila apitaye analisoma.

Kipepeo: Na rafiki yangu? Dada nesi, ungekuwa wewe?

Zamu ya Usiku: Ningemkalisha mume, nimwambie amlete mkewe tuzungumze watatu. Asipomleta, ningemwita tena. Asipokuja... hapo ndipo ninapokosa usingizi, dada. Lakini ile sentensi bado hujaifuta.