Tandy, Compaq au Dell: njia ipi ya kuuza kompyuta ilistahimili zaidi tetesi za modeli mpya?

Mkongwe_wa_Disketi
Wanajukwaa, naomba tulinganishe njia tatu ambazo watengenezaji wa Marekani walizitumia kumfikia mnunuzi: Tandy iliyouza katika maduka yake yenyewe ya Radio Shack, Compaq iliyopitia kwa mawakala, na Dell iliyomuuzia mteja moja kwa moja. Kinachonisukuma ni kisa cha kampuni ya Osborne, ambayo nayo ilitegemea mawakala. Kompyuta yake ya kubebeka, Osborne 1, ilitoka mwaka 1981 kwa dola 1,795, ikiwa na uzito wa kilo 11 hivi na skrini ya inchi 5, na ikanunuliwa kwa wingi. Mwaka 1983 habari za modeli mpya, Executive, zilienea kabla haijafika madukani, wateja wakaamua kusubiri, na Septemba mwaka huohuo kampuni ikafilisika. Je, ingenusurika kama ingeuza kwa njia nyingine?

Binti_Chumbageni
Ndugu Mkongwe, naona tetesi zimebebeshwa lawama kupita kiasi. Kaypro II, kompyuta pinzani yenye skrini ya inchi 9, ilikuwa sokoni tangu 1982, na wanunuzi walikuwa wameanza kudai mashine inayoendesha programu za IBM PC, jambo ambalo Osborne 1, kwa prosesa yake (chipu kuu) ya Z80 na mfumo endeshi wa CP/M, haikuliweza. Compaq, iliyoanzishwa mwaka 1982 na watu watatu waliotoka Texas Instruments, ililiweza, na katika mwaka wake wa kwanza sokoni iliuza mashine 53,000 kwa mapato ya dola milioni 111. Tena haikuwa na wauzaji wake wa kumpokonya wakala mteja. Kwangu mimi, uaminifu huo kwa mawakala ndio uliowapa sababu ya kuiweka Compaq mbele dukani.

Muuzaji_Mombasa
Dada Chumbageni, kuhusu Osborne nakubaliana nawe, lakini mimi nauza kompyuta na najua maumivu ya mzigo uliolala. Wateja wakisikia tu kwamba toleo jipya linakuja, husema watarudi mwezi ujao, na wanaporudi, mashine iliyo kwenye rafu imekwisha kushuka bei. Kwa hiyo swali langu ni moja: hasara hiyo humwangukia nani?

Tandy ililijua swali hilo mapema. Ilipotangaza TRS-80 Agosti 1977, kwa dola 599.95 pamoja na skrini na kinasa kaseti, wakubwa wake waliidhinisha mashine takriban 3,500 tu, karibu sawa na idadi ya maduka yao, ili zisiponunuliwa kila duka litumie yake kwa hesabu za ndani. Hofu hiyo haikutimia, kwa sababu maagizo yaliwazidi nguvu, lakini inaonyesha kwamba mwenye duka ndiye mwenye hasara. Kwa Compaq mzigo ulikaa kwa mawakala, nao walitarajia kufidiwa kila bei iliposhushwa. Michael Dell, aliyeanza mwaka 1984 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, akiwa na dola 1,000, aliunda mashine baada ya kuagizwa. Tetesi za prosesa mpya zilimkuta hana shehena ya kuozea ghalani. Compaq iliongoza duniani kuanzia 1994, Dell ikaipita, na mwaka 2002 Compaq ikamezwa na HP.

Mkongwe_wa_Disketi
Hoja ya mzigo imenigusa. Mbona basi Gateway, iliyouza moja kwa moja kama Dell, ilianguka?

Binti_Chumbageni
Hapo ndipo hoja ya mzigo inapopungukiwa, Ndugu Mkongwe. Gateway ilianzia Iowa mwaka 1985 ikiuza kwa simu, na masanduku yake yenye mabaka ya ng'ombe yakajulikana kote Marekani. Kisha, kuanzia 1996, ilifungua maduka ambamo mteja aliiona mashine, akaiagiza, na kuisubiri nyumbani. Mzigo haukulala, lakini kodi na mishahara ililipwa vilevile. Mwaka 2004 ilifunga maduka yote 188 yaliyobaki, na mwaka 2007 ikanunuliwa na Acer kwa dola milioni 710.

Muuzaji_Mombasa
Nakubali, dada. Na Dell yenyewe, ambayo ilikuwa imejitoa madukani mwaka 1994, ilirudi mwaka huohuo wa 2007 kupitia Wal-Mart. Mnunuzi wa nyumbani alikuwa amehamia kwenye kompyuta mpakato, na hiyo hutaka kuinuliwa, kufunuliwa na kubonyezwa vitufe kabla fedha hazijatoka mfukoni.